Karibu Kenya, shangazi: kwa nini simu ya mkazi wa mpakani huhama nchi wakati yeye yuko palepale

Shangazi yangu anaishi Rombo, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, kwenye kijiji ambacho ukisimama uani asubuhi unaona tambarare za Kenya zimetandazwa chini yako. Hana pasipoti, na hajawahi kulala Kenya hata usiku mmoja. Lakini kila baada ya siku chache simu yake inalia, na ujumbe unamkaribisha Kenya, unamtakia safari njema, na kumwambia dakika moja ya kupiga nyumbani ni shilingi ngapi. Nyumbani kwenyewe ndiko aliko.

Siku moja aliniuliza: "Mwanangu, si wewe unasomea mambo ya minara? Mbona hii simu inanipeleka Kenya nikiwa nimekaa hapa nachambua maharage?" Alikuwa amempigia jirani yake, nyumba ya tatu tu kutoka kwake, na salio la shilingi elfu mbili likaisha kabla hawajamaliza kusalimiana. Ni kweli salamu za kwetu ni ndefu, lakini si kiasi hicho.

Nikamjibu haraka haraka kama mtaalamu: zima simu, washa tena. Siku ile ikakubali. Kesho yake ikakataa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nami sijui vizuri ninachokisema, nikaanza kusoma. Nilitegemea kukuta tatizo la mawimbi. Nilichokikuta zaidi ni historia: mstari uliochorwa 1886, na kanuni zilizoandikwa Ulaya miaka ya 1980 kwa ajili ya mtu ambaye si shangazi.

Mstari kwanza

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana namna ya kugawana eneo la Afrika Mashariki. Mstari ulianzia pwani, kwenye mdomo wa mto Umba, ukaenda hadi ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, ukazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, halafu ukanyooka moja kwa moja hadi pale nyuzi 1 kusini mwa ikweta inapokutana na pwani ya mashariki ya ziwa Victoria. Ukitazama ramani ya leo, mstari kwa sehemu kubwa ni huohuo. Taveta iko Kenya, Rombo iko Tanzania.

Wengi tumefundishwa kwamba mstari umepinda pale kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, ila haisimami. Mwaka 1886 Wilhelm hakuwa hata Kaiser. Alishika kiti 1888. Mstari ulitokana na mazungumzo ya wanadiplomasia.

Waliokuwa wakiishi pale hawakuacha kuvuka. Wafanyabiashara wa Rombo wanashuka soko la Taveta, watu wanaoleana, ng'ombe wanafuata maji. Simu ya mkononi ilipofika ilikuta maisha ambayo tayari yako pande zote mbili. Yenyewe ikaja na utaratibu unaotaka kila mtu awe upande mmoja.

Mawimbi hayajasoma mkataba

Mnara wa simu unarusha mawimbi ya redio, nayo huenda mpaka yazuiwe na kilima au jengo, au yachoke kwa umbali. Katika teknolojia ya GSM, ile ya simu za "2G", mnara mmoja unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa takribani kilomita 35. Kikomo hicho hakitokani na nguvu ya mawimbi bali na hesabu ya muda. Mnara huiambia kila simu itangulize kutuma kiasi gani ili ujumbe wake ufike kwa zamu yake. Hesabu hiyo ina hatua 64 tu, kila hatua ikiwa kama mita 550. Zidisha mwenyewe.

Sasa fikiria jiografia ya Rombo. Kijiji kiko juu mlimani na kimeelekea mashariki. Mnara wa Kenya ulio chini tambarare unakiona kijiji bila kizuizi. Mnara wa Tanzania ulio karibu zaidi unaweza kuwa nyuma ya mgongo wa mlima, upande wa pili wa bonde. Kwa mita, Tanzania iko karibu. Kwa redio, Kenya ndiyo iliyo karibu.

Mamlaka za mawasiliano za nchi jirani hushauriana ili minara ya mpakani isigombanie masafa, na isirushe kwa nguvu kupita kiasi ng'ambo ya pili. Lakini haziwezi kuyakata mawimbi kama kitambaa. Ukipunguza nguvu ya mnara mpaka mawimbi yaishie mstarini kabisa, watu wako mwenyewe walio karibu na mstari ndio watakaokosa mtandao. Kwa hiyo kila mpaka una ukanda ambao minara ya nchi mbili inasikika kwa pamoja, na shangazi anaishi ndani ya ukanda huo.

Simu haijui ulipo

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na nadhani wengi wetu tunakosea. Tunadhani simu inajua iko nchi gani. Katika kuchagua mtandao, haijui. Inachojua ni inamsikia nani.

Kila mnara unatangaza muda wote namba ya nchi na namba ya mtandao wake. Namba hizi si zile za kupigia. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641. Ndani ya laini yako nako kuna namba ya utambulisho, isiyozidi tarakimu 15, inayoanza na namba ya nchi na ya mtandao wako. Simu ikiwaka inasikiliza, inalinganisha, inachagua. Kwa kawaida hujaribu kwanza kurudi kwenye mtandao wa mwisho iliosajiliwa. Ikianza uchaguzi upya, inatanguliza mtandao wa nyumbani. Ukikosekana, inafuata orodha zilizomo kwenye laini. Orodha zikiisha, inachukua mtandao wowote wenye mawimbi mazuri, na kama iko mingi ya namna hiyo inachagua kwa bahati nasibu.

Mpaka hapo utaratibu unampendelea shangazi, maana nyumbani kunatangulia. Shida inaanza umeme unapokatika kwenye mnara wa Tanzania, au yeye anaposhuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Kwa dakika chache simu haisikii nyumbani. Inasikia Kenya. Mtandao wake una makubaliano na mtandao ule wa Kenya, kwa hiyo inajisajili huko na kupokelewa vizuri. Ujumbe wa karibu unaingia.

Mnara wa Tanzania unarudi baada ya muda mfupi. Kwa nini simu nayo isirudi?

Jibu nililikuta kwenye kanuni za kimataifa za namna simu inavyochagua mtandao, na nilisoma mara mbili kuhakikisha. Simu iliyo kwenye mtandao wa wengine inatakiwa kutafuta mtandao ulio bora zaidi kwake kila baada ya muda fulani. Muda huo umeandikwa kwenye laini, kati ya dakika 6 na saa 8. Usipoandikwa ni dakika 60. Lakini kuna sharti: katika utafutaji huo wa kila mara, simu itafute mitandao ya nchi ileile ya mtandao inaoutumia sasa hivi. Laini ya Tanzania ikiwa kwenye mtandao wa Kenya, katika utafutaji huo itajishughulisha na mitandao ya Kenya tu. Mnara wa nyumbani unaweza kuwa unapiga kelele pembeni, na simu inayofuata kanuni hiyo haina sababu ya kuusikiliza maadamu Kenya inasikika.

Mantiki yake si mbaya. Kutafuta mtandao kunakula betri. Mtu aliye Nairobi na laini ya Dar es Salaam, hata atafute kila dakika 6 usiku kucha, hatausikia mnara wa Dar. Kwa nini amalize chaji bure? Kanuni inachukulia kwamba ukisajiliwa Kenya, uko Kenya. Kwa msafiri ni kweli. Kwa mkazi wa mpakani si kweli, na hakuna popote kwenye mlolongo huo anapoulizwa.

Kuzima na kuwasha nako hakuna uhakika kwa sababu ileile niliyoitaja: simu inayowaka hujaribu kwanza mtandao iliyouacha. Kanuni inairuhusu iende nyumbani moja kwa moja kama inausikia mtandao wa nyumbani, lakini haiilazimishi. Simu moja itarudi, nyingine itang'ang'ania. Ushauri wangu kwa shangazi ulikuwa wa kubahatisha.

Msafiri aliyefikiriwa

Nani aliamua hivyo? Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, ila kuna mazingira.

Mwaka 1981 nchi za Ulaya Kaskazini zilianzisha mtandao wa simu za magari ulioitwa NMT, ambao tangu mwanzo ulikusudia mteja wa Sweden aweze kutumia simu yake Norway, Denmark au Finland. Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya Ulaya yaliunda kikundi cha kutengeneza kiwango kimoja cha bara zima. Kikundi hicho kiliitwa Groupe Spécial Mobile, na herufi zake ndizo zilizozaa jina GSM. Tarehe 7 Septemba 1987, mjini Copenhagen, wawakilishi wa nchi 13 walisaini makubaliano ya kukijenga. Simu ya kwanza ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Mwaka uliofuata ulifungwa mkataba wa kwanza wa kupokeana wateja kati ya nchi na nchi, jambo ambalo leo tunaliita romingi.

Mkataba huo wa kwanza ulikuwa kati ya Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza. Angalia ramani. Finland na Uingereza hazipakani. Kati yao kuna bahari na nchi nyingine nzima. Aliyehitaji huduma ile alikuwa mtu wa kupanda ndege, anayejua siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na mara nyingi bili inalipwa na kampuni yake. Kwake kuhama mtandao ni tukio, na ujumbe wa kumkaribisha una maana. Utaratibu huo ulipofika kwetu ulifika mzima, pamoja na msafiri wake.

Bili inavyotengenezwa

Shangazi aliyeshikwa na mtandao wa Kenya akimpigia jirani, mtandao wa Kenya unaona mteja wa kigeni anapiga simu ya kimataifa kwenda Tanzania. Unamtoza mtandao wake, na mtandao wake unamtoza yeye. Akipigiwa ni kinyume chake: simu inafika kwanza kwenye mtandao wake Tanzania, halafu inasafirishwa Kenya ilikosajiliwa. Kipande hicho cha pili, mara nyingi, analipa yeye anayepokea. Nyumba ya tatu kwenda nyumba ya kwanza, sauti imevuka mpaka mara mbili.

Hela ni upande mmoja. Menyu za nyota na reli za kutuma pesa zitafanya kazi tu ikiwa mitandao miwili imekubaliana kuzipitisha; la sivyo zinakataa, na hela ya dawa imo ndani. Tena simu ya dharura, 112, hushughulikiwa na mtandao uliokushika. Nyumba ikiungua Rombo, simu ikiwa Kenya, atakayepokea ni mtu wa Kenya.

Rombo wana nafuu moja: Tanzania na Kenya zina saa moja. Ukienda Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, au Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, jirani yuko nyuma kwa saa nzima. Simu iliyowekwa ijirekebishe saa yenyewe, ikidaka mnara wa ng'ambo, inaweza kukurudisha nyuma saa moja. Mwanafunzi wa mtihani anayeamka kwa kengele ya simu aweke saa kwa mkono.

Waliojaribu kuufuta mpaka

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na simu za pamoja. Kabla ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika 1977, posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa na shirika moja. Mabaki yake bado yapo kwenye vidole vyetu. Kutoka Tanzania unaweza kupiga Kenya kwa kuanza na 005 na Uganda kwa 006. Kutoka Kenya unapiga Tanzania kwa 007. Shirika liligawanywa, njia hizo za mkato zikabaki.

Wa kwanza kuurudisha ujirani huo kwenye simu za mkononi walikuwa wafanyabiashara. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyokuwa na mitandao Kenya, Uganda na Tanzania, ilitangaza One Network. Mteja wake akivuka alipokea simu bure, alipiga kwa bei za wenyeji na aliweza kuongeza salio kwa vocha za huko huko. Mwaka uliofuata mpango ulipanuliwa hadi nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Gabon na Congo zote mbili. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa iliwafaa wateja wa kampuni moja tu.

Serikali zilifuata 2014. Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilikubaliana kuunda eneo moja la mtandao. Mpango ulianza Oktoba mwaka huo kwa simu za sauti kati ya Kenya na Rwanda, na Uganda ikaingia mwanzoni mwa 2015. Kupokea simu kukawa bure, na kupiga ndani ya eneo kukawekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwamo kwenye kundi hilo la mwanzo. Kwa hiyo mkazi wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, aliondolewa mzigo wa bei ambao mkazi wa Rombo aliendelea kuubeba, wakati simu zao zinafuata kanuni zilezile.

Huko GSM ilikozaliwa nako walilazimika kurudi kurekebisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2007 kuhusu romingi ilizitaka mamlaka zimwangalie kipekee mtu wa mpakani anayeshikwa na mtandao jirani bila kukusudia. Tarehe 15 Juni 2017 wakaondoa karibu gharama zote za ziada za romingi ndani ya Umoja. Kuwapo kwa kifungu cha mtu wa mpakani kunaonyesha kwamba tatizo hili si la umaskini wetu wala la minara yetu mibovu. Limo ndani ya utaratibu wenyewe.

Ukiziweka hatua hizi pamoja, utaona hakuna hata moja iliyogusa kanuni ya simu. Zote zimegusa bei. Simu ya mtu wa Busia bado inahama nchi, ila haimgharimu kama zamani. Nadhani hapo ndipo penye somo: mpaka wa redio hauwezi kunyooshwa, lakini bei ni makubaliano, na makubaliano hufanywa na watu. Kitaalamu mtandao unaweza pia kukataa wateja wa jirani kwenye minara michache ya mpakani. Kiwango kina jibu maalumu la kuiambia simu kwamba romingi hairuhusiwi eneo hilo. Ila atakayeumia ni yule aliyevuka kweli, na mtandao unaokataa wateja unakataa pia mapato yao. Nafuu ya kudumu ni mkazi wa ukanda ule kutozwa bei ya nyumbani, na hilo linamalizwa mezani kwa wenye mitandao na mamlaka za nchi mbili.

Nilichomwambia shangazi

Niliporudi Rombo nilikaa naye uani na simu yake. Tuliingia kwenye mipangilio, kwenye kuchagua mtandao, tukaondoa "otomatiki" na kuuchagua mtandao wake kwa mkono. Kwenye hali hiyo simu inabaki na mtandao uliouchagua. Ukipotea, inakaa kimya kuliko kwenda kwa jirani. Nilimweleza pia kwamba ile swichi ya kuzima romingi kwenye simu yake huzima data tu. Sauti inaendelea kuhama kama kawaida, na wengi wanadanganyika hapo. Anayetaka kuifunga kabisa awaombe watu wa mtandao wake waifunge kwenye laini.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo umeme wa mnara wetu ukikatika, sitapatikana kabisa?"

Ndiyo, shangazi, hutapatikana.

"Na binti yangu akiwa anajifungua usiku huo?"

Sikuwa na jibu zuri. Kwa msafiri, mnara wa jirani ni starehe. Kwa shangazi usiku kama huo ungekuwa msaada wa kweli, kama tu usingemtoza kama mgeni. Tuliiacha simu kwenye mkono, na kwenye karatasi nikamwandikia hatua za kuirudisha kwenye otomatiki. Ameibandika ukutani, karibu na kalenda.